Mwamba wa bahari katikati ya jangwa: jinsi ya kuzuru Guadalupe na mapango ya Carlsbad

Miaka miwili nilibeba mchanga kwa lori, kutoka machimbo ya Kermit hadi visima vya mafuta vya Orla na Pecos, magharibi mwa Texas, na sikujua kwamba napita juu ya sakafu ya bahari. Siku ambazo vumbi limetulia, upande wa machweo unaona mstari wa milima ya buluu. Nilikuwa nauona kila siku kama mtu wa Tanga anavyoiona Usambara: ipo, basi. Nilifika huko kwa sababu mjomba wangu alikuja kututembelea Odessa, mji tunaoishi hapa Texas, mwanzoni mwa Oktoba, akachoka kukaa sebuleni kutazama televisheni asiyoielewa.

Mjomba ujana wake alichoma chokaa. Alikuwa anavunja matumbawe, anayapanga juu ya magogo, tanuri linawaka usiku kucha na asubuhi wanalimwagia maji. Tuliposimama kando ya barabara chini ya El Capitan, akalitazama lile genge jeupe, akanyamaza, kisha akasema, "Mpwa wangu, huu ni mwamba. Mwamba wa baharini." Alikuwa hajasoma kibao chochote. Alipatia karibu kila kitu.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nne, na jamaa zetu walioko Dallas na Houston hunipigia kuuliza njia. Ninayowaambia ni haya.

Hifadhi mbili, mwamba mmoja

Kuna hifadhi mbili za taifa jirani. Guadalupe Mountains iko Texas, ilifunguliwa 1972, na ndiyo yenye magenge. Carlsbad Caverns iko New Mexico, ni hifadhi ya taifa tangu 1930, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1995, na ndiyo yenye mapango. Kutoka kituo cha wageni cha moja hadi cha nyingine ni mwendo wa kama dakika 45 kwa gari.

Miaka zaidi ya milioni 260 iliyopita hapa palikuwa bahari yenye joto, na ukingoni mwake viumbe wakajenga mwamba wenye umbo la kiatu cha farasi, urefu wake zaidi ya kilomita 600. Mjomba alikosea hapa tu: wajenzi wake wakuu hawakuwa matumbawe, walikuwa sifongo na mwani, wakigandishwa na chokaa. Baadaye mlango wa bahari ukaziba, maji yakakauka, bonde likajaa jasi (jipsamu) na chumvi mpaka mwamba ukafukiwa wote. Muda mrefu sana ukapita, ardhi ikanyanyuka, mvua ikaila jasi kwa kuwa ni laini, na mwamba ukabaki umesimama wazi. Mafuta yaliyonileta mimi Texas yalipikika katika matope ya bahari hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: panga siku mbili, na anza na genge. Wengi hukimbilia pangoni moja kwa moja kwa sababu ndiko kwenye jina, wanatoka wamepiga picha mia mbili na hawajui walikuwa ndani ya kitu gani. Ukiuona mwamba kwa nje leo, kesho ukiingia tumboni mwake utaelewa.

Kabla ya kuwasha gari

Hakuna basi la kukufikisha. Ukija kwa ndege, shukia El Paso ukodi gari. Kutoka hapo hadi Pine Springs, kwenye kituo cha wageni cha Guadalupe, ni maili 110 hivi. Sisi wa Odessa tunaendesha karibu saa tatu.

Mafuta: jaza tangi kabla ya kuondoka El Paso, Van Horn au Carlsbad. Ndani ya Guadalupe hakuna kituo cha mafuta, hakuna mgahawa, hakuna duka la chakula, na kilicho karibu kiko maili 35. Mimi dereva wa lori, mtu wa kuhesabu galoni, niliwahi kufika Whites City, kijiji kilicho chini ya mapango, taa ya mafuta ikiwa inawaka kwa nusu saa nzima. Aibu yangu.

Maji: lita nne kwa kila mtu kwa siku. Njiani milimani hakuna bomba. Chakula pika nyumbani. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi, kwa sababu upepo wa kule ni baridi hata jua likiwa kali.

Saa: hapa ndipo watu wanapopotea. Sehemu kubwa ya Texas inatumia saa za Kati, lakini hifadhi zote mbili zinakwenda kwa saa za Milimani, saa moja nyuma. Simu yako ikiwa mlimani itarukaruka kati ya hizo mbili kulingana na mnara inaoukamata. Siku ile nilitazama simu nikaona zimebaki dakika ishirini geti la korongo la McKittrick lifungwe, nikamkimbiza mzee wa watu mteremko mzima. Kumbe ilibaki saa moja na dakika ishirini. Mjomba hakunisemesha mpaka gari lilipofika lami. Vaa saa ya mkononi, iweke sawa na saa ya ukutani kituo cha wageni, na usiiangalie simu.

Ada: Guadalupe ni dola 10 kwa mtu mwenye miaka 16 na zaidi, na inatumika siku saba. Carlsbad ni dola 15, inatumika siku tatu, watoto bure. Hakikisha bei kwenye tovuti ya hifadhi kabla ya kusafiri, na uwe na kadi ya benki. Kuingia pangoni lazima uweke nafasi ya saa maalumu mtandaoni, kwa dola moja kila mtu. Hata mwenye kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa lazima aweke nafasi.

Makaratasi: ukirudi El Paso kwa barabara ya 62/180 utakuta kizuizi cha askari wa mpakani. Wanasimamisha magari yote. Weka kitambulisho, na kama ni mgeni weka pasipoti yenye viza, mahali unapofikia kwa mkono, si ndani ya begi chini ya masufuria.

Majira: joto la Juni ni kali, na kuanzia Julai kuna radi za mchana. Machi na Aprili upepo unaweza kuvuka maili 50 kwa saa. Nimewahi kushindwa kufungua mlango wa gari. Oktoba ndio mwezi wangu. Mwanzoni unawapata popo kabla hawajahamia Mexico. Ukingoja hadi mwisho wake na mwanzo wa Novemba, popo wamekwenda lakini majani ya miti ya mepo ndani ya korongo la McKittrick yamekuwa mekundu kama pilipili.

Siku ya kwanza: genge

Amka mapema. Jua likichomoza, simama upande wa kusini wa El Capitan, kwenye maegesho ya kando ya 62/180. Kilele chake kiko mita 2,464 juu ya usawa wa bahari, na sehemu ya juu ni ukuta mtupu wa mawe chokaa wa zaidi ya mita 300. Mwanga wa kwanza unaubadilisha kutoka kijivu hadi rangi ya samli. Unapotazama juu hivyo uko pale ambapo samaki wa kilindini angekuwa, naye anautazama mwamba.

Ukishalipa Pine Springs, nenda maili saba kaskazini mashariki hadi njia ya kuingia McKittrick. Korongo hili linafunguliwa mchana tu. Sehemu yake kubwa ilitolewa zawadi kwa taifa na Wallace Pratt, mtaalamu wa miamba wa kampuni ya mafuta, na nyumba yake ya mawe bado imo ndani, maili 2.4 kutoka maegesho, njia tambarare. Kama una watoto wadogo au magoti mabovu, hiyo ndiyo safari yako, na wala hujapunjwa.

Lakini kama mapafu yanaruhusu, chukua njia iitwayo Permian Reef Trail. Kwenda na kurudi ni maili 8.4, na unapanda mita 600 na ushei. Njiani kuna namba zilizopigiliwa kwenye mawe, na kituo cha wageni kina kitabu kinachoeleza kila namba. Uzuri wake ni kwamba unapanda kama mpiga mbizi anayerudi juu: unaanza kwenye kilindi, unapita kwenye mteremko ambako vipande vya mwamba vilikuwa vinaporomoka, unafika kwenye mwamba wenyewe, na juu kabisa uko mahali palipokuwa maji mafupi nyuma ya mwamba.

Mjomba alipanda theluthi moja tu, akakaa kwenye jiwe. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Alitema mate kwenye kidole, akalowesha jiwe, akasema, "Jiwe kavu halisemi." Kweli, sehemu iliyolowa ikawa nyeusi na ndani yake zikatokea punje nyeupe nyembamba, kama mchele uliomwagika. Hao ni fusulina, viumbe vya chembe moja tu, vilivyojaa katika bahari ile na kutoweka kabisa. Kando yake kulikuwa na vidude vya duara vyenye tundu katikati, mfano wa shanga: vipande vya bua la maua ya bahari, ambayo kwa jina ni maua lakini ni wanyama. Sifongo wanaonekana kama mirija yenye vyumba, na kuna kombe za kila namna. Wewe tumia maji ya chupa badala ya mate. Usigonge, usibandue, usitie kitu mfukoni, hata kijiwe kilicholegea. Ni kosa la sheria. Mjomba aliinua kimoja, nikamwambia, akakirudisha palepale kilipolalia, upande uleule.

Vaa suruali ndefu nzito. Kuna mmea mfupi wenye majani kama visu unaoitwa lechuguilla, na mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa: ni ndugu wa mkonge. Mkonge wetu ulitoka upande huu wa dunia, Mexico, ukaletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf. Huyu mdogo mtu amezoea kumdharau, halafu ncha yake inaingia kwenye ugoko mpaka damu. Mjomba alivunja jani moja lililokauka, akalikwaruza kwa ukucha, nyuzi zikatoka. "Singa kabisa," akasema, akafurahi kuliko alivyofurahia milima yote. Angalia pia unapoweka mkono: kuna nyoka mwenye kayamba mkiani. Akikupigia, simama, rudi nyuma taratibu, mwache apite.

Kilele cha Guadalupe, mita 2,667, ndicho kirefu kuliko vyote Texas. Nacho ni maili 8.4 kwenda na kurudi, saa sita hadi nane. Nimepanda mara moja. Mandhari ni nzuri, upepo ulikaribia kunivua kofia na kichwa, ila visukuku utaviona vizuri zaidi McKittrick.

Njiani kwenda New Mexico

Usilipite eneo la mpaka wa majimbo kwa mwendo wa kasi. Mkono wa kushoto mwamba unakusindikiza, na barabara iko juu ya sakafu ya bahari. Pale barabara ilipokata vilima utaona jiwe lenye mistari myembamba, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, maelfu, kama kurasa za msahafu ukiutazama kwa ubavu. Ni jasi iliyotuama bahari ilipokuwa inakauka, na wataalamu wanahesabu kila jozi kuwa mwaka mmoja. Toka nje ya lami kabisa ukisimama. Malori hayatakuona.

Lala mjini Carlsbad, na weka nafasi mapema. Hoteli zake hujaa wafanyakazi wa visima na bei hupanda katikati ya wiki kuliko Jumamosi. Ukiwa na hema, Pine Springs kuna kambi, lakini moto wa kuni na wa mkaa umekatazwa, jiko la gesi tu.

Siku ya pili: pango

Mlangoni askari wa hifadhi atakuuliza kama umewahi kuingia pango lingine, na kama viatu au nguo ulizovaa ndizo ulizoingilia. Jibu ukweli. Kuna ukungu unaowaua popo wakiwa usingizini, uligunduliwa jimbo la New York mwaka 2006, na husafiri kwenye nyayo za watu. Mjomba alijibu kwa fahari, nikamtafsiria: ndiyo, nimeingia Mapango ya Amboni wiki tatu zilizopita, na viatu hivihivi. Yule askari, binti mpole sana, akamwomba avue. Mzee akashuka pangoni na raba za mwanangu wa miaka kumi na minne, za kijani kibichi zenye kamba za njano. Beba viatu ambavyo havijawahi kuona pango.

Beba sweta pia. Ndani ni nyuzi 13 mwaka mzima, nje kukiwa na jua la kuchoma. Maji matupu pekee ndiyo yanayoruhusiwa. Hakuna soda, pipi wala big-jii. Mwaka 2024 mtu aliangusha pakiti ya vitafunwa vya mahindi ndani ya chumba kikubwa, vikalainika kwa unyevu, vikaota ukungu, wadudu wa pango wakaanza kuusambaza, na askari walikaa kuufuta kwa mkono kwenye mawe.

Kuna njia mbili za kushuka. Lifti inakufikisha kwa dakika moja. Nyingine ni mlango wa asili, kilomita mbili za vipindo, unashuka mita 230, sawa na jengo la ghorofa 75. Kama magoti yako ni mazima, shuka kwa miguu na upande kwa lifti. Unaanza na harufu ya samadi ya popo, majira ya joto mbayuwayu wanakupita masikioni, halafu mwanga wa jua unapungua hatua kwa hatua mpaka ukigeuka unaona tundu dogo la buluu, ukigeuka tena halipo. Sakafu ina unyevu, shika chuma cha pembeni. Ongea kwa kunong'ona, sauti inasafiri sana.

Sasa jambo lililonigusa mimi binafsi. Mapango mengi ya mawe chokaa, Amboni likiwemo, yalichongwa na maji ya mvua yenye asidi hafifu. Hili si hivyo. Gesi ya salfa, ile inayonuka yai bovu, ilipanda kutoka kwenye mafuta yaliyo chini, ikakutana na maji yenye oksijeni, ikawa asidi ileile ya kwenye betri ya gari, na asidi ikaula mwamba kwa ndani, miaka milioni nne hadi sita iliyopita. Visimani huwa navaa kidude kifuani kinacholia kikinusa gesi hiyo, maana inaua. Nilisimama mle ndani nikajikuta napapasa shati kukitafuta.

Ushahidi uko njiani katika chumba kikubwa: mabonge meupe ya jasi, yaliyotobolewa na matone. Ndiyo masalia ya asidi ilipokutana na chokaa. Watu huyapita, wanakwenda kupiga picha nguzo. Chumba hicho kina mita za mraba 33,000, viwanja vinne vya mpira vinaingia na nafasi inabaki. Kukizunguka ni kilomita mbili. Jipe saa moja na nusu. Nguzo na mapambo yote hayo, yanayoning'inia darini kama nta ya mshumaa na yanayoota kutoka chini, yalikuja baadaye, tone kwa tone. Usiguse hata moja, mafuta ya kidole yanaliharibu.

Ukitaka kumjua aliyelitangaza pango hili, ni Jim White, kijana mchunga ng'ombe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1898 aliona popo wakitoka jioni akadhani ni moshi. Wageni wa mwanzo waliteremshwa ndani ya ndoo iliyotumika kupandishia samadi ya popo. Jirani kuna pango jingine, Lechuguilla, lenye zaidi ya kilomita 240 za njia zilizopimwa, jina lake ndilo la yule ndugu wa mkonge. Limefungwa, wanaingia watafiti tu, kwa hiyo usipoteze muda kuuliza.

Jioni: popo

Pumzika mchana, kisha rudi kwenye viti vya mawe mbele ya mlango wa asili kabla jua halijazama. Ni bure, huhitaji nafasi, kuanzia mwisho wa Mei hadi Oktoba. Simu, kamera, hata saa inayowaka taa, vyote vinazimwa. Zima kabisa, sauti zisizosikika kwetu zinawasumbua.

Kwanza hakuna kitu. Halafu wachache, kama makapi yaliyopeperushwa. Halafu wanatoka kama kamba inayosokotwa, wakizunguka kinyume na mwendo wa saa mpaka wavuke ukingo wa shimo, laki kadhaa majira ya joto, mlio wa mbawa zao kama mvua ya mbali kwenye makuti. Wanaelekea mtoni kula nondo. Mjomba alivua kofia. Sijui kwa nini, na sikumuuliza.

Kutoka hapo barabara ya kushuka hadi Whites City ni maili saba za kona, na kulungu husimama katikati ya lami. Shuka polepole, jaza mafuta chini. Kama unarudi Pecos, usipite barabara ya 285 usiku. Lala Carlsbad uondoke asubuhi. Malori ya mchanga hayana subira barabara ile. Nayajua, naendesha moja.